Nani aandikwe juu? Njia za kupanga majina kwenye kura ya mchujo isiyo na vyama

Katika miji mingi ya Marekani, diwani, meya, mjumbe wa bodi ya shule na jaji huchaguliwa kwa kura isiyotaja chama. Wakijitokeza wagombea wengi, hufanyika mchujo kwanza, wawili wa juu wanabaki, nao wanakutana kwenye uchaguzi wa mwisho. Karatasi ya mchujo huo haina jembe na nyundo, haina jogoo, haina picha. Ina jina la nafasi inayogombewa, maelezo kwamba mpiga kura achague mmoja au wangapi, halafu orodha ya majina, kila jina na kiduara chake cha kujazwa wino.

Kwa kuwa chama hakipo, kinachobaki cha kumwongoza mtu asiyewajua wagombea ni jina lenyewe na mahali lilipokaa. Ndiyo maana sheria za kuandaa karatasi hizi hutumia maneno mengi kueleza jambo linaloonekana dogo: nani aandikwe juu, nani afuate, nani awe wa mwisho. Majimbo yamejibu kwa njia tofauti kabisa, na tofauti hizo zina matokeo.

Naandika nikiwafikiria watu wa aina mbili. Kuna Waswahili wenzetu waliopata uraia wa Marekani, ambao mji wao unaporekebisha katiba yake huitwa kutoa maoni, au wenyewe wanataka kugombea bodi ya shule. Na kuna wale, wawe Tanga, Goma, Muscat au Minneapolis, waliopewa kazi ya kuandika kanuni za uchaguzi wa jumuiya, ushirika au msikiti, mahali ambapo vyama havipo na majina ni mengi. Niseme mapema ninapoegemea: njia ya kuzungusha majina ndiyo yenye haki zaidi. Lakini kuna mahali ambapo nisingeipendekeza, na kuna namna ya kuzungusha ambayo inaacha upendeleo uleule ikiwa imeufunika tu.

Kwa nini nafasi ya juu ina thamani

Jimbo la Ohio huzungusha majina kwa mujibu wa katiba yake, kwa hiyo mgombea yuleyule huwa wa kwanza kwenye baadhi ya vituo na wa tatu kwenye vingine. Hilo liliwapa watafiti Joanne Miller na Jon Krosnick nafasi ya kupima. Mwaka 1998 walichapisha matokeo yao kuhusu uchaguzi wa 1992 katika kaunti kubwa tatu za jimbo hilo: karibu nusu ya vinyang'anyiro 118 walivyovichunguza vilionyesha athari ya mpangilio, na kwa wastani aliyekuwa juu alipata takriban asilimia 2.5 zaidi ya alipokuwa chini. Athari ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo chama hakikuandikwa, pale ambapo wagombea hawakutangazwa sana, na pale ambapo hakuna aliyekuwa anatetea kiti chake. Ukisoma masharti hayo matatu utaona kwamba ni maelezo ya mchujo wa bodi ya shule, neno kwa neno.

Sababu yake si uvivu wa wapiga kura. Mtu amekuja kituoni akijua anamtaka nani kuwa gavana. Anageuza karatasi, anakuta majaji saba na wajumbe wa bodi ambao hajawahi kusikia habari zao. Hapendi kuacha wazi. Macho yanashika jina la kwanza, anaona halina ubaya, anajaza kiduara. Wakifanya hivyo watu wawili au watatu kwa kila mia, kwenye uchaguzi mkuu huenda isibadilishe kitu. Kwenye mchujo inabadilisha, kwa sababu pale mtu hapiganii ushindi. Anapigania nafasi ya pili, na kati ya wa pili na wa tatu mara nyingi pana kura chache mno.

Sisi tuna mfano wetu wa zamani. Mwaka 1965 Tanzania Bara ilichagua wabunge chini ya chama kimoja. Katika majimbo mengi walisimama wagombea wawili, wote wa TANU, kwa hiyo chama hakikumsaidia mpiga kura kuwatofautisha. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Sasa fikiria mkulima wa kijijini amewekewa jembe mbele yake, katika miaka ambayo serikali inamhimiza kulima usiku na mchana. Alama iliyowekwa ili kuwasaidia wapiga kura ilikuwa na uzito wake yenyewe. Hakuna karatasi ya kura isiyosema kitu. Kinachowezekana ni kugawa uzito huo sawasawa.

Alfabeti

Hawaii hupanga majina kwa alfabeti ya jina la ukoo, hata kwenye mchujo wa kaunti usio wa vyama kama ule wa meya wa Honolulu. Kenya nayo mwaka 2022 iliorodhesha wagombea urais kwa alfabeti: Odinga, Ruto, Waihiga, Wajackoyah. Lakini karatasi ya Kenya ina picha na alama, nao wagombea walikuwa wanajulikana nchi nzima, kwa hiyo mpangilio haukuwa na nguvu kubwa. Kwenye kura yenye majina matupu hali ni nyingine.

Wanaoipenda alfabeti husema haina ujanja na mtu hulipata jina haraka. Ni kweli. Ila upendeleo wake ni wa kudumu. Mwenye jina la A ni wa kwanza mwaka huu, mwaka kesho na maisha yake yote, na kwa kuwa majina hufuata jamii, upendeleo huo huangukia jamii nzima. Kwenye mji wenye akina Abdi, Ahmed na Ali kwa upande mmoja na akina Wanjiru, Yusufu na Zuberi kwa upande mwingine, alfabeti si kitu kisicho na upande.

Kuna na hili la majina yetu. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, hatuna ukoo kama fomu za Marekani zinavyoutaka. Karani wa uhamiaji ndiye aliyeamua lipi liwe la mwisho, na hilo la mwisho ndilo linalopangwa. Ndugu wawili wa baba mmoja wanaweza kujikuta mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa kwa sababu waliingia nchini wakiwa na karatasi zilizoandikwa tofauti.

Kwa mchujo usio na vyama, alfabeti ndiyo njia ninayoiona mbaya kuliko zote.

Aliyewahi kuwasilisha fomu

Chicago imekuwa na uchaguzi wa meya usio wa vyama tangu 1999. Huko mpangilio hufuata muda wa kuwasilisha fomu. Waliokuwa kwenye foleni ofisi inapofunguliwa siku ya kwanza huhesabiwa wamewasili pamoja, nao hufanyiwa droo ya nani awe juu. La kuvutia ni kwamba wanaowasilisha katika saa ya mwisho ya siku ya mwisho nao hufanyiwa droo yao, ya nani awe wa mwisho, kwa sababu wanasiasa wa huko huamini kwamba kama huwezi kuwa wa kwanza, afadhali uwe wa mwisho kuliko kupotelea katikati. Kanuni ikishafika hapo imekiri kwamba nafasi ina thamani, halafu ikaigawa kwa wenye watu wa kusimama kwenye foleni alfajiri. Mama anayegombea huku akifanya kazi ya zamu ya usiku hospitalini hawezi kushindana na mgombea mwenye wasaidizi kumi.

Kwa jumuiya ndogo njia hii ina kishawishi chake: ni rahisi, na inawahimiza watu kuleta fomu mapema. Uwahimize kwa njia nyingine.

Droo ya kila nafasi

Jimbo la Washington lina utaratibu ninaouheshimu. Muda wa kuwasilisha fomu ukiisha, afisa wa uchaguzi wa kaunti anafanya droo hadharani kwa kila nafasi, na majina yanakwenda kwenye karatasi ya mchujo kwa namna yalivyotoka. Wisconsin nayo hupanga kwa droo katika mchujo wake wa Februari wa nafasi zisizo za vyama.

Faida zake ni nyingi. Karatasi ni ya aina moja kwa wapiga kura wote wa eneo husika, kwa hiyo uchapaji ni rahisi, karatasi ya mfano inafanana na ya kweli, na kuhesabu kwa mikono hakumchanganyi mtu. Kila mtu anaweza kuja kushuhudia. Mgombea anayelalamika unamwonyesha daftari la droo na sahihi za mashahidi.

Ubaya wake ni kwamba droo hugawa bahati kwa haki bila kuiondoa. Mtu mmoja anaibeba yote. Mwaka 2017 mchujo wa meya wa Seattle ulikuwa na majina 21. Anayedondokea nafasi ya kumi na nne kwenye orodha ya namna hiyo ana mlima wa kupanda, hata kama alidondokea pale kwa haki tupu. Kisha Washington ina kanuni nyingine inayoongeza uzito: kwenye uchaguzi wa Novemba, aliyeongoza mchujo wa Agosti ndiye anayeandikwa wa kwanza. Kwa hiyo aliyebebwa kidogo na droo mwezi Agosti anaingia Novemba akiwa juu tena. Mji unaoiga droo ya Washington nawasihi usiige sehemu hii. Fanyeni droo mpya.

Alfabeti iliyovurugwa

California ilifika kwenye njia yake kupitia mahakamani. Mji wa Santa Monica ulikuwa na kanuni ya kumtanguliza mwenye kiti anayetetea nafasi yake. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya jimbo, katika kesi ya Gould dhidi ya Grubb, iliikataa kanuni hiyo, na ikasema alfabeti ya kawaida nayo haifai. Tangu hapo jimbo huvuruga alfabeti. Siku ya 82 kabla ya uchaguzi, ofisi ya jimbo hutoa herufi 26 moja moja hadharani, na mfuatano huo ndio unaotumika.

Wengi hudhani hiyo inahusu herufi ya kwanza ya jina tu. Hapana, inahusu kila herufi. Tuseme droo imetoa M kabla ya A, na W kabla ya U. Mwangi atamtangulia Abdi kwa sababu ya M. Lakini pia Mwangi atamtangulia Musa, kwa sababu mkifika herufi ya pili, W imetoka kabla ya U. Ndiyo sababu mtu anayesoma karatasi ya California huona majina yametawanyika bila mantiki, ingawa mantiki ipo na ni kali.

Kwa nafasi zinazogombewa jimbo zima, orodha hiyo pia huzungushwa kutoka wilaya moja ya uwakilishi hadi nyingine, na wilaya ziko 80. Nafasi nyingi za miji hazizungushwi: herufi zikishatoka, zimetoka.

Naipima hivi. Kwa jimbo lenye maelfu ya nafasi, droo moja inaokoa kazi ya maelfu ya droo, na hakuna karani wa mji mdogo anayeweza kushukiwa kwamba alichezea vikaratasi. Hilo ni jambo kubwa. Lakini bahati imefungwa pamoja: mwaka ambao Z imetoka ya kwanza, kila Zuberi na kila Zamora anafaidika jimbo zima, na wawili wenye majina yanayoanza kwa herufi moja hupanda pamoja na kushuka pamoja. Watafiti Daniel Ho na Kosuke Imai walitumia droo hizi za California za miaka 1978 hadi 2002 kupima athari ya nafasi, wakaona kwamba kwenye uchaguzi mkuu vyama vikubwa haviguswi sana, lakini kwenye mchujo kila aina ya mgombea hufaidika akiwa wa kwanza. Kwa mji mmoja au jumuiya moja sioni sababu ya kuvuruga alfabeti. Majina sita yanatosha kwenye kofia.

Kuzungusha

Minnesota inataka kwenye mchujo kila jina la mgombea wa nafasi isiyo ya chama litokee kwa idadi inayokaribiana juu, chini na kila nafasi ya katikati. Droo hutumika kupata mpangilio wa kuanzia. Baada ya hapo majina huzungushwa kati ya maeneo ya kupigia kura, kwa kuzingatia ukubwa wa maeneo hayo. Hapo ndipo penye ufundi. Ukizungusha kwa zamu tu, kituo cha kwanza hivi na cha pili vile, mgombea mmoja anaweza kuwa juu kwenye kituo cha mjini chenye watu 3,000 na mwenzake akawa juu kwenye kituo cha pembezoni chenye watu 400. Kwenye daftari wamegawana sawa. Kwenye kura hawakugawana.

Kuna kasoro nyingine ambayo kanuni nyingi haziioni, nayo nataka nikae hapo kidogo. Chukua wagombea wanne, A, B, C na D. Mzunguko wa kawaida humtoa wa juu na kumweka chini:

A B C D
B C D A
C D A B
D A B C

Kila mmoja amekuwa juu mara moja. Sasa mwangalie B peke yake. Kwenye aina tatu kati ya nne, B amekaa chini ya A bila mtu kati yao, na katika aina hizo tatu A amemtangulia. Kama A na B wanagombania kundi moja la wapiga kura, B ameumizwa na mzunguko wenyewe. Upo mpangilio unaoondoa hilo:

A B C D
B D A C
C A D B
D C B A

Hapa kila mmoja bado yuko mara moja katika kila nafasi, na zaidi ya hapo, kila mmoja anamfuata kila mwenzake mara moja tu, wala hakuna anayemtangulia mwingine zaidi ya mara mbili. Chukua kalamu uhakikishe. Kwa idadi shufwa ya wagombea, aina za karatasi zinalingana na idadi yao. Kwa idadi witiri kama watano, utahitaji aina kumi ili mambo yakae sawa hivyo. Kama mnaandika kanuni upya, msiandike neno "kuzungusha" mkaishia hapo. Wekeni jedwali lenyewe kwenye kiambatisho.

Gharama zake ni za kweli. Aina nyingi za karatasi ni nakala nyingi za kukagua kwa mchapaji, na mashine ya kusomea kura lazima ifundishwe kila aina. Kosa la kuingiza aina moja vibaya linampa A kura za C, bila mtu kuona kwa macho. Ndiyo maana majaribio ya mashine mbele ya umma, kabla ya siku ya kura, si ya hiari pale majina yanapozungushwa: pitisha karatasi zilizojazwa za kila aina, linganisha na jibu lililojulikana tangu mwanzo.

Na kuna gharama inayotuhusu sisi hasa. Katika jamii zetu ugenini, watu wengi wazima hupokea maelekezo ya uchaguzi kwa picha: kijana anapiga picha ya karatasi ya mfano, anachora mshale, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. "Bibi, jaza cha tatu kutoka juu." Majina yakizungushwa, cha tatu kutoka juu kwa bibi aliye mtaa wa pili ni mtu mwingine. Wanaoendesha kampeni au elimu ya mpiga kura katika mji unaozungusha lazima wafundishe umbo la jina, si mahali lilipo. Mwandikie bibi jina kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi aende nacho.

Hapa pia pana haki ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya Marekani hailazimishi karatasi kuchapishwa kwa Kiswahili. Kifungu chake cha lugha kinahusu Kihispania na lugha za Waasia, za Wahindi Wekundu na za wenyeji wa Alaska. Lakini kifungu cha 208, kilichoongezwa mwaka 1982, kinampa mtu asiyeweza kusoma au kuandika, au mwenye ulemavu, haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri, au kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mjukuu anaweza kuingia na bibi.

Kuufuta mchujo wenyewe

Minneapolis iliamua kwa kura mwaka 2006, ikaanza 2009: hakuna mchujo kwa nafasi za mji. Mpiga kura anataja chaguo la kwanza, la pili na la tatu siku moja ya Novemba; kuhesabu huenda kwa duru, anayeshika mkia huondolewa na kura zake huhamia chaguo linalofuata. Saint Paul ikafuata 2011. Seattle imechukua njia ya kati: mwaka 2022 wapiga kura wake walikubali kuupanga mchujo wenyewe kwa chaguo la kwanza, la pili na kuendelea, kuanzia 2027.

Faida yake ni kwamba watu hawaitwi mara mbili, na mchujo wa Agosti, wakati wengi wako safarini au kazini, hauamui mambo kwa kura za wachache. Ila usidhani karatasi inakuwa nyepesi. Mwaka 2013 ada ya kugombea umeya Minneapolis ilikuwa dola 20, wakajitokeza wagombea 35. Karatasi ilikuwa na safu tatu na majina yote yakarudiwa katika kila safu. Kuhesabu kulipita duru 33 kabla ya Betsy Hodges kutangazwa mshindi, siku mbili baada ya kura. Mwaka uliofuata mji ukapandisha ada ya umeya hadi dola 500. Suala la nani aandikwe juu halikuondoka. Limeongezwa mara tatu.

Mengine ya kuandika kwenye kanuni

Wakati gani mchujo ufanyike: Minnesota na Wisconsin wanakubaliana kwamba kama wagombea hawazidi mara mbili ya viti, hakuna haja, wote waende moja kwa moja mwisho. Ni kanuni nzuri, ichukueni. California ina nyongeza: kwa nafasi nyingi za kaunti, anayepita nusu ya kura kwenye mchujo amemaliza kazi.

Vyeo: California inakataza cheo au shahada kukaa kwenye mstari wa jina, lakini inaruhusu maelezo ya kazi, kwa kawaida yasiyozidi maneno matatu. Mimi ningekataza vyeo kabisa. Kwenye jumuiya zetu, "Alhaji", "Mchungaji", "Daktari" na "Mheshimiwa" mbele ya jina ni kampeni ndani ya chumba cha kupigia kura.

Majina yanayofanana: hili msiliache. Minnesota inaruhusu maneno hadi matatu ya kuonyesha kazi au makazi pale majina mawili yanapofanana, na Michigan inaruhusu mgombea kuomba maelezo ya kumtofautisha. Kwenye jamii yenye akina Mohamed Ali watatu, kanuni hii ni ya lazima.

Kwa mpiga kura wa Minnesota, jambo moja la vitendo: kwenye mchujo wa jimbo, karatasi moja huwa na upande wa vyama na upande usio wa vyama. Upande wa vyama lazima ubaki chama kimoja. Ukichanganya, upande huo wote unaharibika. Upande usio wa vyama hauguswi na kosa hilo, na unachagua yeyote.

Sasa mchague ipi?

Kama ni mji wenye mashine, vituo vingi na wapiga kura makumi ya maelfu, zungusheni, kwa jedwali la pili nililoonyesha na kwa kuzingatia ukubwa wa vituo. Msikubali hoja kwamba ni kazi ngumu: Ohio, Michigan na Minnesota wanaifanya.

Kama ni mji mdogo unaohesabu kwa mikono na karani mmoja anayefanya kila kitu, chukueni droo ya kila nafasi, hadharani, na droo mpya kwa uchaguzi wa mwisho. Makosa ya kuhesabu karatasi za aina sita usiku wa manane yanaweza kuzidi asilimia mbili mnazojaribu kuziokoa.

Kama ni jumuiya au ushirika wa watu mia mbili na wagombea wanne, nawashauri kitu ambacho wengi hawakitegemei: zungusheni. Kwenu ni rahisi kuliko kwa mji. Chapeni 50 za kila aina, andikeni namba ya aina kwenye kona, zipangeni 1, 2, 3, 4 kwa zamu kwenye rundo moja, kila anayekuja apewe inayofuata. Tatizo la ukubwa wa vituo halipo. Wakati wa kuhesabu, tenganisheni kwanza kwa namba ya kona, hesabuni kila fungu peke yake, kisha jumlisheni. Na kama bado mnachagua kwa kunyoosha mikono, kumbukeni mlolongo wa Kenya wa 1988, ambapo KANU iliwapanga watu nyuma ya wagombea mchana kweupe na aliyepita asilimia 70 akahesabiwa amepita bila kupingwa. Nunueni karatasi.

Wagombea wakizidi sita kwenye jumuiya ya namna hiyo, rudini kwenye droo.

Njia yoyote mtakayochukua, andikeni tarehe: siku ya mwisho ya fomu, siku ya droo, siku mbili za wagombea kuja kukagua nakala ya mchapaji na kutia sahihi chini ya tahajia ya majina yao, ndipo karatasi zichapwe. Mgombea asiyefika kukagua apigiwe simu, na jibu lake liandikwe.